Jalada la Kisima na Mkia Wake

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki na simu mpya ya kupangusa. Kitenge nimeshona. Keki iliandikwa "Hongera kwa Kustaafu", kana kwamba nilishindana na mtu. Simu ndiyo iliyoniletea maneno haya yote, nami nitaifikia.

Rehema, wewe ndiye uliyenishika mkono nje ya ukumbi ukasema, "Mama Hadija, hawa wanaoanza masijala hawajui kitu. Tuandikie." Nikakujibu kwamba mimi niliishia darasa la sita. Ukacheka, ukasema, "Wenye digrii ndio wanaopoteza majalada." Basi nimenunua kaunta buku, nimeandika kwa kalamu kama nilivyozoea, na wewe utapiga chapa. Usinyooshe mahali nilipojisema vibaya.

Habari za vyeo na mishahara sitaandika. Vyeo nilipata viwili, na vyote vilikuja na meza ileile.

Mimi ni mkubwa wa wanne. Baba alitangulia tukiwa bado kwenye mashamba ya upande wa Chidya; mama akamfuata mwaka mmoja baadaye, akiwa amelazwa hospitali ya Mkomaindo. Wiki ileile niliacha shule. Mdogo wetu wa mwisho, Hadija, alikuwa na meno mawili mdomoni. Alianza kuniita mama kabla hajajua kwamba mimi ni dada yake. Watu wakaona ni rahisi hivyo, nikawa Mama Hadija nikiwa na miaka kumi na minne. Sikuzaa mwingine. Hao watatu walinitosha.

Nilifanya vibarua vya kubangua korosho, nikauza vitumbua, nikachota maji ya watu. Nilipofika miaka ishirini na kitu nikaajiriwa kufagia mahakama. Ni mahakama gani, sitaitaja, na baadaye nilihamishwa nyingine, nayo sitaitaja. Yaliyotokea yalikuwa ya mkono wangu, wala si ya jengo.

Siku ya kwanza nilipewa ufagio, ndoo na onyo kwamba nisiguse karatasi. Siku ya tatu niliikuta karatasi chini ya kabati la masijala, nikaiokota, nikaanza kuisoma. Mzee Chilumba, mtunza majalada, akanikuta nimesimama nayo.

"Unajua kusoma?"

"Najua. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe unajibu kwanza halafu ndiyo unasalimu. Inasema nini hiyo?"

"Ni wito wa shahidi. Tarehe yake imeshapita."

Akaichukua, akaitazama, akakaa kitini taratibu kama mtu aliyeumwa mgongo. Shahidi yule alikuwa akisubiriwa miezi minne, na kila mara kesi ilipotajwa iliahirishwa kwa kuwa hakufika. Kumbe hakuitwa. Kuanzia siku hiyo nilifagia hadi saa mbili asubuhi, na baada ya hapo Mzee Chilumba alinifundisha kazi.

Ninyi mna kompyuta, lakini kompyuta ikizimika mtarudi kwenye kabati, kwa hiyo sikilizeni. Vifaa vyetu vilikuwa sindano ndefu ya kushonea magunia ya korosho, kamba ya katani, gundi ya unga wa muhogo, na kadi ngumu zilizokatwa kwenye maboksi. Jalada likitoka kabatini, kadi inakaa mahali pake, na kwenye kadi unaandika nani kalichukua, saa ngapi, na kwa kazi gani. Usikubali mtu akuambie "nalirudisha sasa hivi." Hakimu mmoja aliniambia hivyo kuhusu jalada la shamba, likakaa miezi saba kwenye buti la gari lake chini ya tairi la akiba. Lilirudi likinuka grisi. Wadai wawili walikuwa wameshakufa, na watoto wao walikuwa wamepatana.

Mchwa hula kuanzia pembeni, kwa hiyo majina ya wahusika msiyaandike pembeni. Mvua ya kwanza ikinyesha, fungueni madirisha siku ya pili wala si siku hiyohiyo. Na mtu akija kuuliza kesi yake huku akichanganya Chimakonde na Kiswahili, msimharakishe. Atataja jina la ukoo, atataja jina la jandoni, atataja jina la mtoto wake, na mojawapo ndilo lililo kwenye jalada.

Lakini kanuni aliyoisisitiza Mzee Chilumba kuliko zote ilikuwa ya mkia. Uamuzi wa rufani ukiteremshwa, huwa ni karatasi chache zinazokuja peke yake, miezi au miaka baada ya hukumu. Sisi tuliziita mkia. Mkia unafungwa nyuma ya jalada kubwa kwa kamba, mafundo mawili, na haufunguliwi. Mtu akitaka jalada, anapewa na mkia wake. Akitaka kipande, anapewa vyote, atafute kipande chake mwenyewe.

"Kwa nini?" nilimwuliza siku moja, maana mafundo yale yalikuwa yananiumiza kucha.

"Kwa sababu jalada kubwa linasema fulani ni muuaji," alisema, "na mkia unasema hapana. Ukimpa mtu moja bila jingine, umemdanganya bila kufungua mdomo."

Mzee Chilumba alifariki mwaka mmoja kabla sijafanya hicho alichonikataza. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Sasa niwaeleze kesi ya kisima. Mnaijua wote, au mnadhani mnaijua.

Huku juu kwenye uwanda wa Newala maji hayapatikani, wageni huambiwa hivyo wakacheka mpaka wakae mwezi mmoja. Mwenye bati huchimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji, akatega maji ya mvua. Kiangazi kikikaza, jirani huja na ndoo, husalimu, huulizia watoto, halafu ndipo huomba. Hakuna anayekunyima na hakuna anayekuomba kama hakuthamini. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimsifu mkwewe hivi tu: "Kwake watu wanaomba maji." Hakuongeza kitu, na aliyesikia alielewa.

Katika kisima cha mtu mmoja, Baba Somoe, ilikutwa maiti ya mnunuzi wa kangomba. Kangomba ni wale wanaonunua korosho kwa wakulima kabla ya msimu, kwa kibaba, kwa bei ya kumdhihaki mtu. Yule marehemu hakupendwa na nyumba hata moja. Lakini kisima kilikuwa cha Baba Somoe, na mwezi mmoja nyuma walikuwa wametukanana sokoni mbele ya watu. Akakamatwa. Kesi ya mauaji haiamuliwi na hakimu wa wilaya. Jaji alikuja kwa kikao, akasikiliza, akamhukumu kunyongwa. Nilikuwepo mlangoni. Mkewe hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kumpa mumewe shati alilokuja nalo.

Mwenendo wote na hukumu vilibaki masijala kwetu. Lilikuwa jalada nene kama tofali.

Miaka sita baadaye majaji wa rufani walimwachia. Mkia ulikuwa kurasa kumi na moja. Nilizifunga mwenyewe, mafundo mawili. Wiki hiyohiyo Baba Somoe akaja dirishani, amekonda, kanyoa kichwa.

"Shikamoo, Baba Somoe."

"Marahaba, Mama Hadija. Wameniambia karatasi yangu imeshuka kwako."

Nikamwonyesha. Akaigeuza, akaiangalia juu na chini.

"Mbona Kiingereza?"

"Ndivyo wanavyoandika wao."

"Wananiachia kwa Kiingereza," alisema, "na kunyongwa waliniambia kwa Kiswahili." Nilimwambia nimtolee nakala. Akakataa. "Kwangu mchwa wataila. Na nani atanisomea? Ibaki hapo. Mtu akitaka kujua, nitamwelekeza hapo."

Alikifukia kile kisima, akachimba kingine upande wa pili wa nyumba. Kiangazi cha kwanza hakuja mtu. Cha pili alikuja bibi mmoja na kindoo cha lita tano. Cha tatu niliambiwa kulikuwa na foleni. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yake ya kweli huku uwandani, na alishinda bila wakili.

Hapo ndipo alipokuja mwandishi.

Jina lake silitaji, mmelisikia mno. Alikuja na barua ya ruhusa yenye mihuri yote, amevaa viatu vya gharama visivyopenda vumbi letu jekundu. Alisalimu kila mtu mpaka mlinzi. Aliandika vitabu vya mauaji ya kweli, akasema, na alitaka jalada la kisima. Nilikuwa peke yangu masijala. Aliniita Dada, akaniuliza nimeanzaje kazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza habari za mama, za Hadija, za vitumbua. Alisikiliza hadi mwisho bila kutazama saa. Akatazama lebo za majalada kabatini, akasema, "Mwandiko huu ni wa nani? Ni mzuri kuliko wa wahariri wangu."

Nawaambia ukweli: mtu aliyeacha shule darasa la sita akisifiwa mwandiko na mwandishi wa vitabu, anaweza kufungua kabati lolote.

Alitaka kwenda kutoa kopi za kurasa kadhaa dukani mjini. Ili kopi zitoke vizuri ilibidi kamba ifunguliwe. Mafundo yalikuwa yamekazana, nikayafungua kwa ncha ya sindano. Mkia nikauweka rafuni. Nilijiambia ni karatasi za Kiingereza, ni laini, zitachafuka njiani. Kwenye kadi niliandika jalada limetoka, kwa kazi ya utafiti. Sikuandika kwamba limetoka bila mkia. Alipolirudisha kutoka dukani, alikaa nalo siku tatu kwenye meza ya dirishani, akinywa chai bila sukari, akiandika. Siku ya nne akaondoka. Jioni nikauona mkia rafuni, nikaufunga mahali pake, nikasema moyoni, yamekwisha.

Kitabu kilitoka baada ya mwaka na nusu. Aliniletea nakala kwa basi, ndani ameandika kwa mkono: Kwa Mama Hadija, aliyenifungulia jalada. Nilikisoma saa za chakula cha mchana, kwa siku kumi na mbili. Mungu amrehemu, alijua kuandika. Vumbi la barabara ya kupanda kutoka Masasi lilikuwa mle, mgogoro wa sokoni ulikuwa mle, hata shati la mke wa Baba Somoe. Nikafika sura ya mwisho, nikaona muuaji ametoka gerezani kwa msamaha, karudi kijijini, na mwandishi amemtembelea, naye kakaa kando ya kisima chake kipya akakataa kuongea. Mwandishi anasema ukimya ule ulimtosha.

Hakuna rufani. Hakuna kurasa kumi na moja. Nilirudi nyuma nikatafuta, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni akijua haupo.

Mtauliza kwa nini sikusema. Hadija alikuwa chuo cha ualimu mwaka wa pili, na mwenye kumlipia alikuwa mimi. Mtumishi aliyevunja kanuni ya jalada la mauaji hafukuzwi kwa barua ya shukrani. Nikajiambia pia kwamba huku hakuna anayesoma vitabu. Niliandika barua kwa mwandishi, ukurasa mmoja, nikaufunga kwenye bahasha, nikakaa nayo kwenye pochi mpaka ikachanika mikunjo. Sikuituma. Hizo ndizo sababu zangu, na sizioni kuwa zinatosha, ila ndizo nilizokuwa nazo.

Miaka michache nilikuwa sahihi: watu hawakusoma. Halafu mwandishi akafa ghafla Dar es Salaam, akawa mkubwa kuliko alipokuwa hai, na zikaanza filamu.

Ya kwanza ilikuwa ya maisha yake, ya watu kukaa kwenye viti na kumkumbuka. Walikuja masijala, dada mmoja mwongozaji mwenye miwani mikubwa na watu wawili wa kamera. Nilimwambia, kabla hawajawasha chochote, kwamba nina kitu cha kusema kuhusu kesi. Akasema, "Vizuri sana, Mama, utasema chochote." Nikauleta mkia. Nikaushika mbele ya kamera nikaeleza kwamba huyu mtu aliachiwa na majaji, na marehemu hakuiona karatasi hii. Kwa nini hakuiona, hapo sikufika. Nilisema "haikuwepo mezani." Haikuwepo mezani! Kama vile ilitembea yenyewe. Yule dada akatikisa kichwa kwa huzuni, akaniuliza, "Na yeye kama mtu, alikuwaje?" Nikasema alikuwa mpole na alikunywa chai bila sukari.

Filamu ya pili ilikuwa ya waigizaji. Sikushirikishwa.

Zote mbili sikuziona kwa sababu nilikuwa na kiswaswadu, simu ya vitufe na tochi. Hadija alinihadithia juujuu akakatiza, nikajua kuna jambo. Halafu mkaniaga, mkanipa hii ya kupangusa. Rehema ulikaa nami sebuleni ukanifundisha: hapa kupiga, hapa picha, hapa video. "Mama Hadija, usiibonyeze hivyo, si kengele." Ukaniuliza ninataka kutazama nini kwanza. Nikataja filamu ya mwandishi.

Mlango wa masijala yetu ulionekana. Kabati likaonekana. Nikajiona, mnene kuliko ninavyojidhania, nikisema, "Alikuwa mpole. Alikunywa chai bila sukari." Muziki. Basi. Mkia ulionekana mkononi mwangu kwa muda wa kupepesa jicho, na juu yake wameweka sauti ya mtu mwingine akieleza jinsi marehemu alivyopenda nyaraka. Halafu akaja Baba Somoe, amekaa kando ya kisima chake, haongei. Kamera imemkaribia mpaka kwenye mishipa ya shingo. Muziki ukabadilika ukawa wa kutisha.

Ile ya waigizaji ilikuwa na mwanamke wa masijala anayelala mezani akikoroma, na mwandishi anajifungulia kabati mwenyewe kwa mshumaa. Masijala ina umeme tangu kabla sijaajiriwa. Wewe ulicheka, Rehema, halafu ukanitazama ukaacha.

Ndipo nilipokwambia, wa kwanza katika dunia. Hukunilaumu. Uliuliza tu, "Na Baba Somoe yukoje sasa?" Nikakwambia nilichosikia: filamu imefika kwenye simu za vijana wa kijiji kizima, na kiangazi hiki hakuna aliyekwenda kwake na ndoo. Wanapita mbele ya nyumba yake wakienda kununua maji ya gari. Bintiye Somoe anafundisha Masasi na amewaambia wenzake kwao ni Tunduru.

Kesho yake ulikwenda ofisini ukaupiga picha mkia, ukurasa kwa ukurasa, ukanitumia, kisha ukakaa nami siku mbili tukauweka katika Kiswahili. Kwa mara ya kwanza nikajua kilichomo katika karatasi nilizozifunga mimi. Shahidi pekee aliyedai kuona alikuwa mbali mno na alibadilisha maneno mara tatu. Ungamo lilichukuliwa kwa njia isiyokubalika. Daktari hakuweza kusema kama yule mtu alipigwa au alitumbukia. Majaji walisema hakukuwa na ushahidi wa kumtia mtu hatiani. Kurasa kumi na moja, na ningeweza kumsomea siku ileile dirishani kama ningetafuta mtu wa kunisaidia.

Nikapanda kijijini siku ya mkutano wa chama cha msingi, asubuhi, wakulima wakiwa wamekusanyika kusikia habari za mnada. Nilimwomba mwenyekiti nafasi. Nikasimama na simu yangu mpya nikasoma yote. Walisikiliza kwa adabu, kofia magotini. Nilipomaliza, mzee mmoja wa mbele akainua mkono.

"Mama, tumekusikia. Sasa nani alimwua?"

"Karatasi haisemi."

"Haisemi?"

"Kazi yake haikuwa hiyo. Inasema hakukuwa na ushahidi kwamba ni huyu."

"Kitabu kinasema," alisema mwingine kutoka nyuma. Watu wakacheka kidogo. Mwanamke mmoja akanikazia macho: "Wewe si ndiye yule wa kwenye filamu? Mbona kule ulisema habari za chai?"

Nikasema nilisema na haya wakayakata. Yule mwanamke akamgeukia jirani yake: "Haya, wameyakata." Mwenyekiti akanishukuru, akaendelea na mambo ya magunia.

Nilitembea hadi kwa Baba Somoe. Alikuwa uani anakarabati mfereji wa bati unaoteremsha maji kisimani. Mkewe aliniletea kigoda na chai. Habari za mkutano zilikuwa zimenitangulia.

"Nimeambiwa umenisomea," alisema. "Ahsante. Hawajaamini?"

"Wanataka jina la mwingine."

"Ndiyo. Mimi pia ningelitaka." Akaacha koleo. "Mama Hadija, kuna kitu nimekiwaza miaka yote hii. Yule mwandishi alifika hapa, akasimama hapo ulipo. Akaniuliza kama nina la kusema kabla hajaandika. Nikamwambia, njomba, karatasi yangu iko mahakamani, kaisome, yote yamo. Akanijibu, 'Nimeshasoma jalada lote, Baba, siku tatu nzima.' Basi nikanyamaza. Nilisema moyoni, huyu ameiona karatasi ya majaji na bado amekuja na uso huu. Mtu wa hivyo utamwambia nini? Alipokufa watu walikuja kuniambia, na sikusema Mungu amrehemu. Alisoma, halafu akaandika vile. Kwa nini?"

Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili. Nikakiweka chini.

"Hakuisoma, Baba Somoe. Niliifungua kamba. Jalada nilimpa, karatasi yako nikaiacha rafuni. Alisema kweli alivyojua yeye. Alidhani amesoma lote."

Mkewe, aliyekuwa anapepeta mlangoni, aliacha kupepeta.

"Kwa hiyo nilipomwambia iko mahakamani..."

"Ilikuwa rafuni."

"Na ningemwambia kwa mdomo wangu, kwamba majaji wameniachia?"

"Angerudi kuitafuta. Alikuwa mtu wa namna hiyo."

"Nilinyamaza kwa sababu niliamini yuko nayo," alisema taratibu, kana kwamba ananifafanulia mimi jambo la mtu mwingine. "Na yeye akakiandika kimya changu. Wewe ulijua lini?"

"Kitabu kilipotoka."

"Yeye akiwa hai."

"Akiwa hai."

Mkewe aliingia ndani. Nikamwambia Baba Somoe kwamba sijaja kuomba radhi ili nirudi nikalale usingizi. Nimekuja ili ajue ni nani wa kumchukia. Nikamwambia nitayaandika yote, kila kitu, ili wanaoanza kazi wajue fundo moja linafanya nini.

"Andika," alisema. Akaokota koleo lake. "Kisha nenda ofisini kwenu, wakubwa wote wakiwepo, uyaseme mbele yao kama ulivyoyasema hapa. Waandike barua yenye muhuri, kwa Kiswahili, ibandikwe ubao wa kijiji."

"Sina ofisi tena, Baba Somoe. Sina muhuri. Nimestaafu."

Alipanda ngazi, akaanza kukaza waya wa mfereji akiwa amenipa mgongo.

"Ndiyo," alisema. "Wewe umestaafu."